Sentensi Iliyopigiwa Makofi

Glasgow, 3 Machi 2025

Baba na Mama,

Kaeni chini kwanza. Mama, wewe hasa, tua hiyo sufuria.

Nimeshinda! Ile tuzo kuu ya riwaya za kisayansi niliyowaambia kwamba tumebaki watano, nimepewa mimi. Hafla ya kukabidhiwa ni tarehe 21 Mei hapa hapa Glasgow, na nitavaa ile nguo ya kijani ambayo Mama anasema inanifanya nifanane na mhubiri. Nimekaa chumbani nacheka peke yangu. Nakumbuka darasa la saba, nilipoandika insha kuhusu mashine zenye macho zinazochuma chai, mwalimu akanichapa kwa kusema uwongo. Baba, ulikuja shuleni kesho yake na lile koti lako, ukamwambia mtoto huyu hadanganyi, ametangulia tu. Tangu hapo nimepata medali mbili, nikapewa shahada ya heshima na joho lake hata ukauliza ni lini nimekuwa askofu, na sasa hili.

Kitabu kilichoshinda ni Nyumba za Zohali, kile nilichowasimulia Krismasi. Zohali ni ile sayari yenye pete. Kwenye mwezi wake mmoja watu wanaishi kwa hewa ya kupimiwa, na nyumba isiyo na mtoto hukatiwa hewa ikafa. Kwa hivyo mwanamke asiyejaliwa mtoto anaoa mwanamke mwenzake, anakuwa mume na baba, na watoto wanaozaliwa ni wa nyumba yake. Majaji wameandika kwamba nimebuni familia ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuiwaza. Mnaona? Wangefika kwetu Boito wangekaribishwa chai na hiyo familia.

Juzi jukwaani mtangazaji aliniuliza kuhusu baba yangu. Ningemweleza nini kwa dakika mbili? Nikamjibu hivi: "Sikuwa na baba. Nililelewa na wanawake wawili." Ukumbi wote ulisimama, na makofi yakawa hayaishi. Magazeti ya Nairobi yameichapa sentensi hiyo kwa herufi kubwa. Mwambieni Mama Nganga awawekee nakala.

Barua hii naituma kwa simu yake aichape pale dukani, maana Baba alishasema simu ni ya kuuliza kama mvua imenyesha, jambo la nyumba huandikwa.

Wenu,
Chelimo


Boito, 11 Machi 2025

Mwanangu Chelimo,

Barua imefika. Mama Nganga aliisoma kwa sauti ya kanisani na mimi nikapiga vigelegele mpaka ng'ombe akakata kamba. Hongera sana, mama. Mwanamke wa Kisii aliyekuja huku na kikapu cha kuchumia chai, leo mtoto wake anasomwa Ulaya. Nililia, na sioni haya kukuambia.

Tecla amesikia pia. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akatoka kwenda kumkamua ng'ombe, ingawa nilikuwa nimeshamkamua. Usiweke moyoni. Ni mtu mzima, na baridi ya mwezi huu inambana kifua.

Najua utauliza habari za shamba. Hakuna habari. Majani yanatoka vizuri na tunayafikisha kituoni kila siku ya kuchuma. Kipngeno amepita hapa mara kadhaa na watu wenye kamba ya kupimia. Nafikiri ni mambo ya barabara.

Ile safari uliyopanga ya kuja huku Aprili, ningependa uiache. Mvua imeharibu njia yote ya kushuka kwetu, na wewe una kazi za maana. Upokee tuzo yako kwa amani, mengine tutaongea baadaye.

Tecla anakusalimu.

Mama yako,
Nyatichi


Kapsoit, 15 Machi 2025

Kwa dada yangu mpendwa, mwandishi mashuhuri Chelimo,

Pokea salamu tele kutoka kwa ndugu yako Kipngeno. Huku Kapsoit nilikohamishia biashara yangu ya mbao, kila mteja ananiuliza kama kweli wewe ni wetu. Nawajibu bila kusita: ni wetu kabisa! Marehemu Kiptum, mume wake Tecla, na marehemu baba yangu walinyonya ziwa moja, kwa hivyo sifa zako ni sifa za ukoo mzima.

Tumeunda kamati ya kukupokea utakaporudi. Kutakuwa na hema, kwaya, na maziwa ya mursik kwenye kibuyu kipya, maana wakimbiaji wanapewa, kwa nini mwandishi asipewe? Nina ombi dogo tu. Nitumie nakala ya Nyumba za Zohali, na kwenye ukurasa wa mbele uniandikie kwa mkono wako ile sentensi yako tamu iliyopigiwa makofi. Uweke sahihi na tarehe. Tafadhali iandike vile vile ulivyosema, usipunguze neno. Nataka iwe mahali ambapo watu wote wataiona.

Usiwaambie wazee pale nyumbani. Tunataka kuwashtua kwa furaha.

Ndugu yako wa damu,
Kipngeno


Glasgow, 22 Machi 2025

Kaka Kipngeno,

Asante kwa maneno mazuri. Sikujua kwamba unasoma vitabu vyangu, na nimefurahi kuliko unavyodhani. Nakala imeondoka leo, sentensi nimeiandika yote kwa kalamu nzito ili isomeke hata kwa walio nyuma ya hema.

Nawe nifanyie jambo moja. Ukienda Boito, wapitie wazee. Barua ya mwisho ya Mama ilinikaa vibaya. Ameandika "Tecla anakusalimu", na maisha yangu yote sijawahi kumsikia akimtaja Baba hivyo kwangu. Niambie kama Baba ni mgonjwa na wananificha.

Dada yako,
Chelimo


Boito, 16 Aprili 2025

Chelimo mama,

Ni mimi Charity, Mama Nganga wa duka. Hii mimi ndio naandika, sijaandikishwa na mtu, na mama yako hajui. Barua zenu zote zinapitia kwa simu yangu na macho sina mahali ya kuweka. Nimechoka kunyamaza.

Hakuna barabara inapimwa. Mwezi wa kwanza Tecla alianza kuhamisha shamba iwe kwa jina yako. Shamba bado iko kwa jina ya Kiptum, bwanake Tecla mwenye alikufa kabla wewe uzaliwe. Kipngeno akakimbia korti ya Bomet akaweka pingamizi. Anasema nyumba ya Kiptum ilikufa na Kiptum. Anasema Tecla hakuoa mtu, mama yako alikuwa tu mfanyakazi wa kuchuma majani kutoka Kisii, na mtoto alizaa ni wa Kisii. Wazee wenye waliona hiyo harusi ya Tecla na mama yako, wakifungana nyasi kwa mikono vile mila inasema, wote wamezikwa. Amebaki mmoja, na huyo siku hizi hajui hata jina ya bibi yake.

Sasa wiki jana kwa korti wakili wake akatoa kitabu. Chako! Akafungua mbele, akasoma: sikuwa na baba. Akasema, mheshimiwa, mtoto mwenyewe amekana, tena ameandika na mkono yake, ameweka tarehe. Mama yako alishika kichwa. Chelimo, ni nani alikutuma uandike hiyo maneno?

Lakini si hiyo ilivunja Tecla. Tukitoka, Kipngeno alimfuata kwa baraza ya korti mbele ya watu wote akamwamkia, "Takwenya." Unajua hiyo ni salamu ya wanawake. Mimi Mkikuyu wa kutoka Kedowa najua, na wewe utakosaje kujua. Miaka yote wanaume wa hapa wanamwambia "Subai" na yeye anajibu "Epa" kama mzee mwingine yeyote. Hakumjibu. Alisimama tu, ameshika fimbo, mpaka Kipngeno akaenda. Tangu siku hiyo chakula anasukuma na kidole.

Kesi ni tarehe ishirini mwezi wa tano. Wakishindwa, wazee wako wanatoka hapo na nguo zao. Ukiulizwa nani alikuambia, sema ni mimi. Siogopi.

Charity, Mama Nganga


Glasgow, 17 Aprili 2025

Baba,

Mama Nganga ameniambia yote. Usimkasirikie.

Nimesoma barua yake nimesimama, na sijaweza kuketi tangu asubuhi. Sikukukana. Sikia vile ilivyokuwa. Walipouliza kuhusu baba, waliuliza kwa lugha yao, na kwa lugha yao neno hilo lina ndevu. Nilitaka wanielewe haraka, kabla hawajachoka. Nikakuondoa wewe ili hadithi ipite mlangoni. Wakapiga makofi, nami nikafikiri nimesema jambo zuri. Ningewezaje kukuandikia mwenyewe kwa furaha kama ningejua nimekutukana? Hata katika barua ile ile nilikuita Baba!

Kipngeno aliniomba niiandike sentensi hiyo kwa ajili ya sherehe, na mimi mjinga nikamshukuru.

Nakuomba sasa usimame kortini. Useme mwenyewe kwamba ulimwoa Mama na kwamba mimi ni wako. Hakuna anayejua haya kuliko wewe. Ukisema, hakimu atasikia. Nami nitakuja.

Mwanao,
Chelimo


Boito, 23 Aprili 2025

Chelimo,

Naandikiwa na Charity na nimemwambia asitie sukari.

Nilimwoa mama yako kwa ng'ombe. Tulifungana nyasi mbele ya wazee, na siku hiyo niliondoka upande wa wanawake. Sijarudi huko. Kanisani nakaa na wanaume, msibani nakaa na wanaume. Ulipozaliwa walikuita majina ya wafu wetu mpaka ukapiga chafya kwa jina la mama yake Kiptum, ukapewa hilo, wala hawakutaja jina hata moja la Kisii. Sasa unataka niende kwa hakimu aniulize kama mimi ni mwanamume au mwanamke, watu wacheke, halafu anigongee muhuri. Sitaenda.

Kipngeno anajua mahali niliposimama kwa ajili yake wakati hakuwa na mwingine. Lakini mahali hapo hapatajwi mbele ya wanawake. Hakimu ni mwanamke, Charity anayeandika ni mwanamke, na wewe ni mwanamke. Nikipataja ili nipate shamba, basi Kipngeno atakuwa amesema kweli, mimi si mwanamume. Kwa hivyo nimenyamaza. Akilichukua, alichukue.

Wewe baki huko upokee zawadi yako. Umewaambia huna baba, kwa hivyo hakuna mtu wa kukungoja huku.

Tecla


Boito, 28 Aprili 2025

Mwanangu,

Umenipigia simu unalia na sikuweza kujibu kwa sababu Tecla alikuwa ameketi hapo karibu. Najibu sasa, ameenda kuangalia miche.

Ni kweli nilikuficha. Nilisema moyoni, mtoto apokee heshima yake kwanza, hata kama tutakuwa tumefukuzwa, atapata habari akiwa amevaa ile nguo ya kijani na watu wamemzunguka. Na hilo la kumwita Tecla, alinikataza yeye. Aliniambia, usimwandikie tena kwamba mimi ni baba, ameshawaambia wazungu hana. Mkono wangu ulikuwa mzito.

Unauliza ni mahali gani alisimama kwa ajili ya Kipngeno. Sijui. Najua tu kwamba mwaka Kipngeno alipoingia tohara, baba yake alikuwa amezikwa, Kiptum pia, na nyumba yao haikuwa na mwanamume. Tecla alitoka na fimbo yake na blanketi. Alikaa huko jandoni, akarudi amechoka, akaniambia nimpe uji. Sikumwuliza kitu. Hayo mwanamke hayaulizi.

Usije kwa hasira, Chelimo. Na usipokuja pia sitakulaumu.

Mama yako,
Nyatichi


Nairobi, 2 Mei 2025

Mpendwa Chelimo,

Nimesoma ujumbe wako mara mbili. Kama rafiki nasikitika sana. Kama mchapishaji wako kwa vitabu vyote vitano, nakuomba ufikiri.

Ukisafiri kuja kwenye kesi ya tarehe ishirini, huwezi kuwa jukwaani tarehe ishirini na moja. Hilo naweza kuliokoa, nitakwenda Glasgow nipokee kwa niaba yako. Lakini unasema pia unataka niwatangazie kwamba familia ya Zohali hukuibuni. Chelimo, ubunifu huo ndio sababu ya kwanza kwenye maelezo ya majaji! Wale wanaotaka kukifanya kitabu filamu wameukubali mkataba kwa sababu hiyo hiyo, na bado hawajatia sahihi. Wakisikia kwamba ni mila ya kijijini kwenu watasema wameuziwa mpunga badala ya nyota. Ngoja hata mwezi mmoja. Baba yako amekuwa baba miaka yote hii, mwezi mmoja hautambadilisha.

Wako,
Abigael Wambugu


Glasgow, 6 Mei 2025

Kipngeno,

Leo sikuiti kaka.

Watu huniuliza hadithi za kisayansi zinaandikwaje, wakidhani nitawaambia habari za roketi. Kazi yangu ni ndogo kuliko hiyo. Naweka sheria moja ya dunia, kisha naifuata kila inapokwenda, hata ikifika mahali nisipopapenda. Hebu niifuate ya kwako.

Sheria yako inasema Tecla ni mwanamke na hajawahi kuwa kitu kingine. Vizuri. Basi hakumwoa mama yangu, mimi si wa nyumba ile, na shamba ni lako. Wewe umesimama hapo umeridhika. Lakini sheria haisimami unapotaka wewe, Kipngeno. Inaendelea. Inarudi nyuma mpaka mwaka ule baba yako alipokuwa kaburini na hapakuwa na baba mkubwa wala mdogo, nawe ulihitaji mtu wa nyumba yenu asimame upande wa kina baba. Sijui mlichofanya huko. Hakuna aliyeniambia, na sipaswi kuambiwa. Najua tu kwamba mwanamke hafiki huko. Na najua ni nani alitoka nyumbani kwetu na fimbo na blanketi.

Nitakuja Bomet. Nitakubali kwamba mwandiko ni wangu. Kisha nitaomba uulizwe swali moja mbele ya wanaume wa rika lako: siku ulipofanywa mwanamume, kulikuwa na mwanamke mahali pale? Ukisema hakuwepo, Tecla ni baba yangu na shamba umelikosa. Ukisema alikuwepo, chukua kila mche wa chai, halafu utafute mtu wa kukuita mwanamume tena.

Una muda wa kuondoa kesi kabla sijapanda ndege.

Chelimo wa Tecla


Kapsoit, 10 Mei 2025

Chelimo,

Wewe ni mwanamke na umegusa mambo ambayo mwanamke hagusi. Ulaya imekuharibu. Unanitisha kwa hadithi, lakini korti haisomi hadithi, inataka karatasi. Karatasi ninayo, na umeniandikia mwenyewe kwa kalamu nzito. Huyo bibi mzee hatathubutu kufungua mdomo, namjua. Kesi iko pale pale.

Baki na Zohali yako.

Kipngeno


Boito, 20 Mei 2025

Abigael,

Nakuandikia haraka mezani kwa Mama, kwa hivyo vumilia mwandiko. Mama Nganga atakutumia picha ya barua hii sasa hivi kabla hujaingia kwenye ndege.

Nilifika juzi. Baba alinisalimu kwa kichwa tu, akatoka. Leo asubuhi tulipokuwa tunaondoka, mimi na Mama, tulimkuta ameshaketi garini na koti lake. Alisema anaenda Bomet kununua dawa ya ng'ombe. Kortini alikaa kwenye benchi la wanaume, na wanaume wakamsogelea kumpa nafasi, isipokuwa Kipngeno aliyeangalia dirisha.

Wakili aliinua kitabu. Huu ni mwandiko wako? Nikasema ndiyo. Ulichoandika ni kweli? Nikasema nilikuwa nazungumza na watu wasiomjua baba yangu, nikachukua njia fupi, na njia hiyo haikufika nyumbani. Wakili akacheka, akasema mheshimiwa, shahidi anatunga riwaya. Baadhi ya watu wakacheka naye. Niliona shamba linaondoka, Abigael. Niliona Mama ameshika kile kitambaa chake cha kanisani anakizungusha kidoleni. Nikamgeukia Kipngeno, nikamwambia hakimu nina swali moja kwa huyu, linalohusu mwaka alipotahiriwa.

Sikumaliza. Baba alisimama. Hakupaza sauti.

"Chelimo, nyamaza. Hayo hayasemwi hapa. Usimwaibishe mtoto wa nyumba yetu."

Nikanyamaza. Niliketi kama nilivyokuwa nikiketi nikiwa darasa la saba. Hakimu aliuliza mzee huyu ni nani, lakini wote tulikuwa tunamtazama Kipngeno. Jasho lilikuwa limemtoka shingoni. Alimtazama Baba, na nadhani alielewa kwamba Baba angeliacha shamba liende kuliko kumwumbua yeye. Wazee wa rika lake kule nyuma walikuwa wameinamisha vichwa. Kisha akasimama, akamwambia hakimu kwa sauti niliyoisikia kwa shida kwamba anaondoa pingamizi lake. Wakili wake alimvuta koti, Kipngeno akauondoa ule mkono.

Nje alimfuata Baba mpaka kwenye ngazi. "Subai," akamwambia. Baba alimwacha amesimama hapo mbele ya watu wote, nami nikadhani hatajibu. "Epa," akasema hatimaye, akaenda kununua dawa ya ng'ombe.

Kwangu hajasema neno jingine tangu lile la kunyamaza.

Sasa kuhusu kesho. Sitangoja mwezi mmoja. Badala ya ile hotuba ndefu, soma haya, usiongeze wala usipunguze:

"Nilipoulizwa kuhusu baba yangu nilisema sikuwa naye. Nilikosea. Baba yangu anaitwa Tecla. Alimwoa mama yangu Nyatichi kwa mila za watu wetu, akanilea, na yuko hai huko Boito. Familia mliyoisifu sikuibuni. Nilizaliwa ndani yake. Nilichobuni ni hewa ya kupimiwa tu."

Wale wa filamu wakiondoka, waondoke. Nakushukuru kwa kwenda.

Chelimo


Boito, 1 Juni 2025

Chelimo,

Charity ananiandikia. Hajaongeza kitu, nimemsimamia.

Tulikuona kwa simu yake pale dukani, yaani hatukukuona wewe, tulimwona Abigael. Watu walijaa mpaka kwenye magunia ya unga. Alisoma vizuri, ingawa jina langu alilitaja kama mtu anayeuliza. Alipomaliza kukawa kimya. Charity akasema mtandao umekatika. Nikamwambia ngoja, hao watu wanafikiri. Baadaye walipiga makofi kidogo. Ile sentensi ya kwanza waliipigia mengi. Mimi nimeipenda hii.

Mama yako ameniambia wale wa filamu wamenyamaza tangu hapo. Sijui filamu huleta nini. Shamba limeshaandikwa jina lako, karatasi ziko kwa mama yako, na majani ya upande wa mtoni yanahitaji kupogolewa kabla ya Agosti. Uje useme unavyotaka, maana sasa ni lako na mimi ni wa kuuliza.

Kipngeno alipita hapa Jumamosi akanisaidia kurudisha ua. Hatukuongea mengi. Kijana wake mkubwa anaingia Desemba, na ameniomba nisimame. Nimekubali. Wewe usiulize zaidi ya hapo.

Nimesikia unasema sijakuongelesha. Pale kortini nilikuongelesha. Ni nani mwingine angekuambia unyamaze mbele ya hakimu, nawe ukanyamaza?

Charity amenisomea kitabu chako chote, kila jioni kidogo. Huyo baba wa Zohali anayeoa na kulea mtoto, nimemtambua tangu mwanzo, hata koti ni langu. Lakini mwisho umemwua. Mama yako alilia, na mimi sikulala vizuri. Kwa nini ulimwua, na yeye hakuwa mgonjwa? Katika kitabu kinachokuja mwache aishi.

Baba yako,
Tecla